Sindano za Tartiri

Ukitaka kujua kama mzee wa Kimisri alikulia shamba, hasa upande wa Delta, mtajie tartiri. Wengi wa rika langu hukunja uso kwanza, kisha hujikohoza kwa makusudi na kucheka. Kikohozi ndicho kilichokuwa alama ya dawa ile ya kichocho. Daktari alikuwa hajaichomoa sindano mshipani, na kifua kimeshashika moto, mtu anakohoa mfululizo mpaka machozi yanamtoka. Wengine walitapika papo hapo. Watu walikuwa wakiambiwa waje na njaa, na waliokaidi ungewajua kwa hali ya sakafu.

Mimi si mtu wa udaktari. Nilitoka Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, nikaenda Kairo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kusoma Al-Azhar. Nilikaa Madinatul Buuth, mji wa wanafunzi wageni kule Abbasiya, pamoja na Wahausa, Wasomali, Wamalai na Waswahili wenzangu. Baadaye nikapata kazi ya kutafsiri na kusoma habari katika idhaa ya Kiswahili ya Redio Kairo, ambayo ilikuwa hewani tangu 1954. Ya vijijini nayasema kama nilivyoyaona. Ya maabara nimeyasoma ukubwani, tena kwa bidii, kwa kuwa yalimpata rafiki yangu mkubwa wa miaka ile.

Nitamwita Mmenufi, kwa jimbo lake la Menufiya, kaskazini ya Kairo. Tulikuwa darasa moja. Kila likizo alinivuta kwao, na mama yake, ambaye hakutaka nimwite ila Mama, alinikaribisha kwa fitiri, mkate uliokandwa kwa samli na kuliwa na jibini nyeupe na asali nyeusi ya miwa. Kijiji kilikuwa kimezungukwa na mifereji ya maji ya Nile. Wanawake walifulia humo na kuoshea vyombo, nyati wa maziwa walizama humo mpaka masikioni, na vijana jua likipanda walijirusha humo kwa kelele. Wakulima walisimama ndani ya maji hayo siku kutwa wakigeuza mikondo kuelekea mashambani.

Kichocho sikukijulia Misri. Kwetu watoto wengi tulikojoa damu na hakuna aliyeshtuka sana, ilikuwa kama surua, mambo ya utoto. Lakini hicho ni kichocho cha mkojo. Kule Menufiya kilichokuwa kikienea ni ndugu yake, kichocho cha tumbo, na huyu ana tabia nyingine. Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu ya matumbo, dume na jike wamekumbatiana kwa miaka, na jike hutaga mayai mamia kila siku. Baadhi hutoka na choo, yakaanguliwa majini, na viluwiluwi vyake humtafuta konokono. Yaliyobaki huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini, yakakwama, na mwili huyajengea kovu. Mwaka 1904 daktari Symmers, akiwa Kairo, alieleza jinsi makovu hayo yanavyoifuata mishipa ndani ya ini na kuibana. Damu inayotoka matumboni ikishazuiwa hutafuta njia nyingine, kama magari yanavyoingia vichochoroni barabara kuu ikifungwa, na kichochoro kimojawapo ni mishipa myembamba ya koo la chakula. Bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na siku moja mishipa ya kooni hupasuka na mtu hutapika damu beseni zima.

Ugonjwa huu ni wa kale kule. Daktari Ruffer aliyakuta mayai ya kichocho katika maiti za zama za Mafirauni na kuyatangaza mwaka 1910, na mnyoo wenyewe alikuwa ameshaonekana mwaka 1851 na Mjerumani Theodor Bilharz, katika hospitali ya Kasr El Aini, ile ile tuliyokuwa tukiipita kwa basi. Dawa ilikawia. Mwaka 1918 John Christopherson, akiwa Khartoum, alionyesha kwamba tata emetiki, chumvi ya antimoni, ikidungwa mshipani huua minyoo. Wamisri waliifupisha wakaiita tartiri. Antimoni ni sumu, na daktari alikuwa akicheza na tofauti ndogo kati ya kumuua mnyoo na kumuua mwenye mnyoo. Ikivuja nje ya mshipa iliunguza nyama, na ikiingia kwa haraka ilisumbua moyo. Basi ilitolewa kidogo kidogo, sindano kumi na ushei kwa wiki kadhaa.

Siku niliyoona kazi hiyo kwa macho yangu tulikuwa tumekwenda kumsindikiza mdogo wake Mmenufi. Wagonjwa walijipanga kivulini, ubavuni mwa ukuta wa kituo cha afya, wanaume upande huu na wanawake upande ule, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka kwenye bega. Ndani mlikuwa na meza, jiko la primus, na bakuli mbili za bati zilizopakwa rangi nyeupe. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, manene, na hesabu yake haikufika robo ya watu waliokuwa nje. Daktari kijana alidunga. Mhudumu, tamargi kama wanavyomwita, alilipokea bomba, akalisukutua, akalitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakichemka, akalitoa, akalijaza tena. Maji yalichemka kweli, hilo sikulizua. Lakini foleni ilikuwa ndefu na jua linapanda, na bomba halikukaa majini zaidi ya muda wa mtu mmoja kuinuka na mwingine kukaa. Ncha za sindano zilikuwa zimeshakuwa butu, tamargi alizinoa kwa jiwe dogo alilolitoa mfukoni.

Sikuona mtu aliyelalamika. Daktari yule alikuwa mpole, akiwauliza wazee hali ya mashamba huku akitafuta mshipa, na akimsubiri mgonjwa akohoe mpaka amalize. Wala wanakijiji hawakuburutwa. Kuna mama aliyemleta mwanawe kwa punda kutoka kijiji cha pili, akaambiwa dozi imekwisha kwa wiki hiyo, akalia. Kwake sindano ndiyo dawa, na kidonge ni cha maumivu ya kichwa. Wanaosimulia habari hii leo hupenda kumweka mwanakijiji kama kondoo, na hapo ndipo ninapokosana nao.

Mmenufi mwenyewe alikuwa amemaliza dozi mbili kabla sijamjua. Ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, ya pili miaka michache baadaye, kwa sababu ukishatibiwa ukarudi mferejini unaokota minyoo mipya, na nani angemzuia mtoto wa Delta asirudi mferejini? Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyoweza kuchomwa sindano ishirini, thelathini, kabla ya kuota ndevu. Kati ya 1964 na 1982 serikali ilitoa zaidi ya sindano milioni mbili kwa mwaka, kwa wagonjwa wapatao 250,000 kila mwaka. Taarifa za namna hiyo zilipita mezani kwangu redioni. Tulizitafsiri na kuzisoma kwa sauti ya fahari, maana nchi nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa na kampeni ya kichocho ya aina yoyote, na kwetu Msambweni hakuna aliyekuja kutudunga kitu.

Tarehe 30 Machi 1977 Abdel Halim Hafez alifariki London. Mtu wa pwani wa umri wangu hahitaji kuelezwa Abdel Halim ni nani, sauti yake ilikuwa katika kila redio, Mombasa hadi Unguja. Alizaliwa jimbo la Sharqiya, katika Delta hiyo hiyo, akapata kichocho utotoni, na miaka mingi ya uimbaji wake aliishi akitapika damu na kulazwa. Jeneza lake lilipopitishwa mitaa ya Kairo sisi wa redioni hatukuweza kufika kazini, watu walikuwa wameziba madaraja. Mmenufi alisimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema anaogopa ini lake. Nilimjibu kwamba yeye alitibiwa mapema, Abdel Halim aliwahiwa na ugonjwa. Ndivyo kila mtu alivyoamini wakati huo, na kuhusu minyoo ilikuwa kweli.

Nilirudi Kenya mwaka aliouawa Sadat, 1981. Nikiwa huku, mambo mawili yalitokea Misri. La kwanza ni jema. Kidonge kiitwacho prazikwanteli kilichukua nafasi ya tartiri, kinamezwa mara moja, kwa uzito wa mtu, basi. Hakuna sindano, hakuna kikohozi. Kichocho kilishuka mwaka hadi mwaka mpaka vijiji vilivyokuwa na wagonjwa nusu vikabaki na wachache wa kuhesabika.

La pili halikueleweka upesi. Minyoo ilipungua, lakini wodi za ini hazikupungua. Zilijaa. Wazee kwa vijana walikuja na macho ya manjano, tumbo la maji, ini lililosinyaa na kuwa gumu, na baadaye saratani ya ini. Kovu la kichocho huibana mishipa lakini kwa kawaida huziacha chembe za ini zikifanya kazi. Hawa walikuwa wakifa kwa ini lenyewe kushindwa kazi. Tangu miaka ya 1970 madaktari wa Marekani, akiwemo Harvey Alter aliyekuwa akichunguza damu ya kuongezewa wagonjwa, walijua kuna homa ya ini isiyo A wala B, ila kirusi chake hakikuonekana. Mwaka 1989 Michael Houghton na wenzake wakakinasa kwa njia ya vinasaba na kukipa herufi iliyofuata, C. Mara tu kipimo kilipofika Misri, damu ya watu waliojitolea kuchangia ilipimwa, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa nacho. Hakuna nchi nyingine kubwa duniani iliyokuwa na kiwango hicho.

Jibu lilichapishwa Machi 2000 katika jarida la Lancet, na timu ya watafiti Wamarekani na Wamisri iliyoongozwa na Christina Frank. Walichukua rekodi za zamani za tartiri wakazilinganisha na ramani ya homa ya ini C. Delta, kulikodungwa sana, kulikuwa na maambukizi mengi kuliko kusini. Rika lililokuwa foleni lilikuwa na maambukizi kuliko watoto waliozaliwa baada ya vidonge. Bomba moja la kioo, likipita mkono hadi mkono na kuchemshwa kwa pumzi mbili, lilikuwa limebeba kirusi ambacho hakuna aliyejua kipo. Kikishajaa kwa watu wengi kiasi hicho, kilipata njia nyingine za kuendelea: damu ya hospitali kabla ya vipimo, viti vya madaktari wa meno, nyembe za vinyozi.

Niliisoma habari hiyo Mombasa, ikiwa imefupishwa gazetini, nikampigia simu Mmenufi. Alikuwa ameshapimwa na kukutwa nacho. Hakuwa ameniambia.

Nimechoka na hadithi mbili zinazosimuliwa kuhusu jambo hili. Moja husema serikali iliwaua watu wake. Nyingine hutaja tartiri kwa sentensi moja, haraka, kisha hukimbilia ushindi uliokuja baadaye. Ya kwanza inasahau kwamba mtu mwenye minyoo tele katika miaka ya 1960 alikuwa na hatari ya kufa kifo cha Abdel Halim, na kwamba dawa iliyokuwepo ni hiyo. Ya pili inasahau tamargi na jiko lake. Kwamba homa ya ini hupitia sindano zisizochemka vizuri, hilo lilikuwa limeandikwa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Lililokosekana kijijini ni mabomba, mafuta ya taa na wakati, na hayo ni mambo ya bajeti. Kirusi kilikuwa hakijulikani, lakini maji ya kuchemsha yalijulikana.

Tiba ya kwanza aliyopewa Mmenufi ilikuwa, ajabu ya Mungu, sindano. Interferoni, kila wiki kwa wiki 48, pamoja na vidonge vya ribavirini. Sindano hizo zilikuwa mpya na safi, ila zilimfanya mtu mwingine. Homa kila baada ya dozi, nywele zikapukutika, usingizi ukamkimbia, na huzuni ikamkaa ambayo mkewe aliiogopa kuliko ini. Kwa aina ya kirusi iliyoenea Misri, tiba hiyo iliponya kama nusu tu ya watu, na yeye akaangukia nusu nyingine. Wakati huo, mwaka 2008, uchunguzi wa taifa ulionyesha kwamba karibu asilimia 15 ya Wamisri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na alama za kirusi hicho katika damu.

Kisha ikaja sofosbuvir, iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2013. Kidonge kimoja kwa siku pamoja na dawa nyingine, wiki kumi na mbili, na kirusi kinafutika mwilini. Kidonge hicho kilitengenezwa na timu ya Michael Sofia katika kampuni ya Pharmasset, na mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, Raymond Schinazi, ni mzaliwa wa Alexandria, ambaye familia yake iliondoka Misri enzi za Nasser. Mmenufi hupenda kulitaja hilo kila akipata msikilizaji. Bei ya Marekani ilikuwa dola 84,000 kwa tiba nzima, yaani dola 1,000 kwa kidonge. Misri ilikaa mezani na Gilead, iliyokuwa imeinunua Pharmasset, ikatoka na bei ya dola 900. Pia ilikataa kutoa hataza, kwa hiyo viwanda vya nchini vikaingia kazini na bei ikaendelea kuporomoka mpaka chini ya dola 100. Madaktari wengi wamesifiwa kwa mafanikio ya Misri, na wanastahili. Mimi ningewasifu kwanza waliokaa kwenye meza ya bei.

Usajili ulipofunguliwa mwaka 2014 ulikuwa kwa mtandao, na watu kwa laki walijiandikisha katika siku chache. Waliotangulizwa ni wale ambao ini lilikuwa limeshaharibika sana. Mmenufi aliandikishwa na mwanawe, akapewa sofosbuvir na daklatasvir mwaka 2016, zote mbili za viwanda vya Misri. Alizimeza kila siku baada ya alfajiri. Hakuugua siku hata moja. Nilikwenda kumwona alipokuwa wiki ya tisa, akanionyesha chupa kama mtu anayeonyesha kitu cha kudanganyia watoto: haiwezekani dawa isiyouma iwe inafanya kazi. Kipimo cha mwisho hakikukuta kirusi.

Oktoba 2018 serikali ikarudi vijijini. Safari hii ilitaka kumpima kila mtu mzima nchini: vituo vya afya, misikiti, makanisa, vituo vya treni, viwanja vya mpira. Tone la damu kidoleni, jibu baada ya dakika kama ishirini, dawa bure kwa atakayekutwa na kirusi. Kufikia Aprili 2019 walikuwa wamewapima karibu watu milioni 50, na milioni 2.2 walikutwa na alama za kirusi. Niliuliza kama wazee wa tartiri hawakuogopa kunyoosha mkono tena. Mke wa Mmenufi alisema wazee ndio waliofika kwanza, na kila mmoja alisimama akimkodolea macho muuguzi mpaka aone pakiti ya sindano ikichanwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliipa Misri daraja la dhahabu katika safari ya kuitokomeza homa ya ini C, nchi ya kwanza duniani kuipata.

Huku kwetu Kwale, iliko Msambweni, kichocho bado kipo. Shule hutoa prazikwanteli, na mtoto hupimwa kwa kijiti cha urefu badala ya mizani ili kujua vidonge vingapi ameze. Walioachwa nje kwa miaka mingi, maana kidonge ni kikubwa na kichungu, ni wadogo wasiofika shule, ambao mama zao huwaogesha katika madimbwi yenye kichocho. Sasa kipo kilichotengenezwa kwa ajili yao, kinachoyeyuka majini, kilichojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na mwishoni mwa 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ulikikubali. Kikifika Msambweni kwa wingi, akina mama wataleta watoto, sina shaka. Baadhi yao watauliza kwa nini hawapewi sindano. Mpwa wangu, mwenye diploma, bado hutoka zahanati amenuna kama hakudungwa.

Mmenufi ana miaka sabini na kitu. Kirusi kimeondoka, lakini ini lililokwisha kuwa kovu halirudi lote, na hatari ya saratani hubaki hata baada ya kupona. Kwa hiyo kila miezi sita huenda mjini Shibin el-Kom kupigwa ultrasaundi na kutoa damu, na hunitumia majibu kwa simu, Kiarabu kilichojaa maneno ya kidaktari, nimtafsirie, ilhali yeye ndiye mwenye Kiarabu chake. Ya mwezi uliopita yalionyesha uvimbe mdogo upande wa kulia, haujafika sentimita mbili. Madaktari wamesema umewahiwa, watauchoma kwa ncha ya joto inayopitishwa ngozini bila kumpasua, na atalala hospitali usiku mmoja. Ameniomba niulize huku kwetu kama kuna anayeujua uchomaji huo. Nimemuuliza daktari mmoja wa Mombasa, akasema ni kazi ya kawaida, alhamdulillahi, na kwamba swali la kuuliza ni nani atakayeishika ile sindano.